Sura ya Maryam katika Ofisi ya Mwalimu Mkuu

Mwaka 2014 mwezi wa Ramadhani ulianza siku za mwisho za Juni ukachukua karibu Julai nzima, yaani msimu uleule ambao shule za Kenya hushughulika na mashindano ya muziki. Wakati huo tulikuwa tukiishi Kisumu, na binti yetu mkubwa, aliyekuwa na umri wa miaka 11, alikuwa darasa la tano katika shule iliyo chini ya udhamini wa kanisa. Tuliichagua shule hiyo kwa sababu ilikuwa karibu na nyumbani na walimu wake walifundisha kwa bidii, na tulijua tangu siku ya kumwandikisha kwamba darasani angekuwa na Mwislamu mwenzake mmoja tu.

Mimi ni mzaliwa wa Mumias, ambako Uislamu uliingia na misafara ya biashara ya watu wa pwani katika karne ya 19, na nilikulia katika mtaa ambao mtoto akitoroka chuoni, jirani yeyote humshika mkono na kumrudisha kwa maalim. Mume wangu ni mtu wa Mombasa. Hakuna kati yetu aliyelelewa kama tulivyokuwa tukiwalea watoto wetu. Sensa ya 2009 ilihesabu Waislamu milioni 4.3 kati ya Wakenya milioni 38.6, lakini wengi wao wako pwani na kaskazini mashariki; huku kwetu ziwani mtoto wa Kiislamu anaweza kumaliza wiki nzima shuleni asimsikie mtu mwingine akitamka bismillahi.

Binti yangu alijaliwa sauti. Madrasa ndiko alikoizoeza, kwa tajwidi, yaani kanuni za kuisoma Qur'ani, na kasida za Maulidi, na mwalimu wa muziki alipomsikia akiimba uwanjani alimchagua awe ndiye wa kuwaanzishia wenzake wimbo wa kwaya. Siku za mwanzo alirudi nyumbani na furaha tele, akivumisha lahani bila maneno huku akiosha vyombo. Kisha mwalimu akawagawia maneno. Katika ubeti wa pili wimbo ulikiri kwamba Yesu ni Mwana wa Mungu, na ukamwomba yeye msamaha wa dhambi. Binti yangu aliimba ubeti wa kwanza, akafika hapo, akafunga mdomo. Mwalimu akaanzisha upya. Akafunga mdomo tena mahali palepale. Alipoulizwa alisema tu kwamba maneno hayo hawezi, na mwalimu, ambaye nadhani alikuwa amechoka na mashindano yalikuwa yamekaribia, aliona huo ni utovu wa adabu, akaandika kwenye daftari lake kwamba mzazi afike kwa mwalimu mkuu kesho yake.

Daftari hilo nililisoma jikoni, nikiwa nakoroga uji wa futari. Nilimwuliza ni nani aliyemwambia asiimbe, kwa maana mimi sikuwa nimeyaona maneno ya wimbo huo, na ustadh wake hakuwa na habari. Akajibu kana kwamba namwuliza jambo lililo wazi: “Mama, si kila siku kwenye sala tunasoma kwamba Mungu hakuzaa wala hakuzaliwa?” Sura ya Ikhlas, yenye maneno hayo, alikuwa ameihifadhi kabla hajajua kusoma. Nilichokuwa sijakitambua ni kwamba, katika miaka hiyo yote ya kuisoma, maana yake ilikuwa imemwingia kiasi cha kumfunga mdomo mbele ya watoto arobaini na mwalimu aliyemwogopa.

Jioni hiyo bibi yake alipiga simu kutoka Mombasa, kama alivyozoea kila siku ya mwezi huo. Wao hutangulia kufuturu, kwa sababu jua la Mombasa huzama zaidi ya dakika 20 kabla ya letu. Adhana ya kwao ilisikika waziwazi ndani ya simu, na mdogo wake binti yangu, aliyekuwa akijaribu kufunga kwa mara ya kwanza, akanyoosha mkono kwenye sahani ya tende. Dada yake akaishika tende ile, akairudisha, akamwonyesha dirishani jua lililokuwa bado halijagusa ziwa: “Hiyo ni ya bibi. Yetu bado.” Nilimtazama nikajiambia kwamba mtoto huyu hakuwa na haja ya mimi kwenda kumtetea kana kwamba ni dhaifu.

Ushauri haukukosekana. Kaka yangu alinitaka niende na Katiba ya 2010 mkononi, ibara ya 32, inayosema kwamba mtu yeyote asilazimishwe kufanya tendo lililo kinyume na imani au dini yake. Mume wangu, aliyekuwa safarini, alisema kwa simu kwamba tumhamishe muhula ukiisha. Ushauri ulionifaa zaidi ulitoka kwa jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mama wa Kijaluo mzaliwa wa Kendu Bay, Msabato wa tangu kwa babu zake, maana Waadventista waliweka misheni Gendia, karibu na Kendu Bay, tangu 1906. Watoto wake walisoma shule hiyohiyo. Alinisikiliza, kisha akasema: “Mama, sisi watoto wetu Jumamosi hawafanyi mazoezi yoyote, na mwalimu mkuu analijua hilo kwa sababu nilikwenda nikakaa naye nikamweleza. Nenda umweleze. Usiende kugombana na mtu ambaye bado hajakukatalia.” Wazazi wengi wa Kiislamu hudhani kwamba katika miji kama yetu sisi ndio peke yetu tunaolinda mwiko fulani wa imani, kumbe ukuta wa pili yupo mtu anayebeba mzigo kama huohuo, na amekwisha kuipita njia.

Usiku baada ya tarawehe nilimsimulia binti yangu habari za Habasha, nchi ya Uhabeshi. Alizijua kijuujuu tu kutoka madrasa. Nilimweleza jinsi Waislamu wa mwanzo, walipoteswa Makka, walivyovuka bahari mwaka 615 kwenda kwa mfalme Mkristo, Najashi. Jinsi Makuraishi, kabila lililotawala Makka, walivyotuma wajumbe kuwadai. Na jinsi Ja'far bin Abi Talib, binamu yake Mtume, alivyosimama barazani akasoma mwanzo wa Sura ya Maryam mpaka mfalme akalia. Nilitua zaidi kwa mkewe Ja'far, Asmaa binti Umays, aliyemzaa mwanawe Abdullah hukohuko ugenini na kumlea miongoni mwa watu wasiosali kama yeye, kwa kuwa familia hiyo haikurejea kwa Mtume hadi mwaka wa saba wa Hijra, yaani 628. Miaka mingi nimemfikiria mama huyo. Hakuwa na msikiti wa mtaa wala chuo cha jirani. Alichokuwa nacho ni nyumba yake, na aya zilizokuwa vifuani mwao.

Asubuhi mwalimu mkuu alitupokea kwa heshima. Alikuwa mtu mzima, mzee wa kanisa. Nilimwambia kwamba sikuja kulalamika, bali nimekuja na mtoto ili aeleze mwenyewe, na pale atakaposhindwa nitamsaidia. Mwalimu wa muziki alikuwapo. Binti yangu alisimama, mikono ikitetemeka pembeni ya sketi, akasema kwamba yeye hakatai kwa sababu hampendi Yesu. Waislamu humwita Nabii Isa, wanamwamini na kumheshimu, na Qur'ani ina sura nzima yenye jina la mama yake. Mwalimu mkuu akauliza, nadhani kwa kutaka kujua kweli, sura hiyo inasema nini. Akaisoma. Alianzia pale malaika anapomjia Maryam akafika aya ya 33, ambapo Isa, akiwa bado mtoto wa kubebwa, anasema kwamba amani iko juu yake siku aliyozaliwa, siku atakayokufa na siku atakayofufuliwa. Kisha akaeleza kwa Kiswahili kwamba humo Isa anajiita mtumishi wa Mungu, na kwamba hapo ndipo wimbo ule unapomshinda.

Mwalimu mkuu alikaa kimya kidogo, halafu akasema, “Hapo mimi na wewe tunatofautiana, mwanangu, lakini nimekuelewa.” Niliipenda kauli hiyo kuliko kama angejifanya hakuna tofauti. Aliamua kwamba asiimbe wimbo huo, na kwamba asihesabiwe amekosa. Mwalimu wa muziki akapendekeza aingie upande wa kughani mashairi ya Kiswahili, kwa kuwa sauti bado aliihitaji.

Nisiseme kwamba mambo yalikwisha hapo. Marafiki zake wawili wa kwaya walimnunia kwa kuwaharibia mpango, na usiku mmoja alilia akiniuliza kwa nini jambo jema linauma. Sikumwambia haliumi. Nilikaa naye kitandani tukasoma pamoja mpaka usingizi ukamchukua. Naamini kwa dhati kwamba mtoto anayelelewa miongoni mwa watu wa imani nyingine hapaswi kujazwa orodha ya haramu kabla hajajazwa mapenzi ya Mola wake, kwa sababu orodha hiyo humwacha na aibu mbele ya wenzake, na aibu huzaa ama uwongo ama chuki. Binti yangu alilia, lakini hakuona aibu.

Shairi alilighani vizuri, ingawa halikupita ngazi ya kaunti. Kwaya ilisonga mbele zaidi, naye akaenda kuishangilia. Idd ilipofika wale marafiki wawili walikuja kula pilau kwetu, wakiwa wameandamana na watoto wa jirani yangu Msabato. Muhula uliofuata mwalimu mkuu aliniita tena, safari hii kuniuliza kama ninamfahamu mtu anayeweza kuja mara moja kwa wiki kuwafundisha wanafunzi wa Kiislamu Elimu ya Dini yao wakati wenzao wakiwa katika somo la Kikristo. Nikampa nambari ya ustadh.