Hatimaye batani za MsgBox zinasoma Kiswahili

Imekubali! Makro yangu ya kusafisha shiti ya Excel ikitaka kufuta data sasa inaleta kiboksi chenye batani za Futa, Hifadhi na Ghairi, sio Yes, No na Cancel tena. Kuna watakaosema hicho nacho ni cha kujisifia, ila jamani hiki kitu kimenitesa.

Vingine vyote kwenye MsgBox (amri inayoleta hicho kiboksi) ni chapu. Kichwa unaandika chako, ikoni na batani unajumlisha namba tu, vbYesNoCancel ni 3, alama ya onyo 48, ukitaka batani ya pili ndo iwe imechaguliwa unaongeza 256, inakuja 307 (ila kwenye kodi andika majina, 307 ukiikuta baadae hutaelewa ni mdudu gani). Maandishi ya batani sasa! VBA, lugha ya kuandikia makro, haina mahali pa kuyagusa, yanatoka Windows kwa lugha iliyowekwa kwenye kompyuta. Kwahiyo unauliza "Nifute data za zamani au nizihifadhi kwanza?" afu chini mtu anakuta Yes na No. Yes ipi sasa? Wapo wanaoongezea "bonyeza Yes kufuta, No kuhifadhi", mimi siipendi kabisa hiyo, mwenye haraka hasomi, anabonyeza ya kwanza data zinaondoka, na kilichofutwa na makro hakirudi kwa Ctrl+Z.

Dawa yake ni ndoano (hook). Unaita SetWindowsHookEx kabla ya MsgBox, kiboksi kikitaka kutokea Windows inakustua, unakidaka hapohapo ndani ya funksheni yako (wParam ndo mpini wa kiboksi, yani namba ambayo Windows inakitambua nayo):

SetDlgItemText wParam, 6, "Futa"
SetDlgItemText wParam, 7, "Hifadhi"
SetDlgItemText wParam, 2, "Ghairi"

kisha unaitoa ndoano. Hizo 6, 7 na 2 ndo zilezile MsgBox inazorudisha, kwahiyo Select Case yako (inayochagua cha kufanya kwa jibu) haiguswi.

Sasa balaa. Kodi nyingi zinazozunguka mtandaoni ni za enzi za 32-biti. Kwenye Office ya 64-biti bila neno PtrSafe (linaloiambia VBA kuwa tangazo ni salama kwa 64-biti) hazianzi hata, basi watu wamebandika PtrSafe kwenye Declare (mistari ya kutangaza funksheni za Windows) wakaona yameisha, huku funksheni ya kudakia wameiacha na lParam As Long. lParam ni anwani ya kwenye memori, ina baiti 8, Long ina baiti 4, yani anwani inakatwa nusu afu CallNextHookEx (inayopitisha taarifa kwa ndoano inayofuata) inakabidhiwa kipande. Ndo maana mara inakubali, mara kila kitu kinafungika bila hata ujumbe wa kosa, na kinachokuchanganya zaidi ni hizo mara inazokubali!! wParam, lParam, mpini wa ndoano na jibu la funksheni, vyote LongPtr, aina yenye baiti 8 kwenye 64-biti. nCode peke yake ibaki Long. Tangu hapo imetulia.

Na msiweke breakpoint (alama ya kusimamisha kodi) ndani ya hiyo funksheni, inaganda yote. Iwe kwenye moduli ya kawaida pia, kwenye moduli ya shiti AddressOf (inayoipa Windows anwani ya funksheni) inaikataa.

Najua kuna wa "si utumie UserForm" (kiboksi unachojichorea mwenyewe). Kwa fomu kubwa sawa, ila kwa swali la batani tatu nianze kuchora, kutafuta ikoni, kuizuia X kwenye QueryClose, hapana. Hapa X inarudisha 2 sawa na Ghairi, bure kabisa. Ubaya wake batani hazitanuki, "Hifadhi kwanza" ilikatika ikabidi ibaki Hifadhi, na kwenye Mac haifanyi kazi maana user32 (faili la Windows lenye hizi funksheni) haipo huko.

Kilichofuata ilikuwa niweke shiti ya kurekodi nani kabonyeza nini, lakini nimeona kwa ndoano hiyohiyo naweza kuita SetWindowPos kiboksi kitokee pembeni ya seli iliyochaguliwa badala ya katikati ya skrini, kwahiyo shiti isubiri. Kutoka seli kwenda pikseli natumia PointsToScreenPixelsX, na kwa zoom ya 100 tayari kinakaa panapotakiwa.