Kidole Gumba

Kosa la picha yangu niliambiwa na mzee aliyeshika ufagio mpana wa kusafishia sakafu ya mbao.

Ilikuwa usiku wa kuamkia maonyesho. Nilikuwa nimetundika picha tisa za wanamichezo nilizochora kwenye ujia unaozunguka ukumbi wa mpira wa kikapu, ule ambao watazamaji huupita wakitafuta viti vyao. Nilikuwa juu ya ngazi nikinyoosha ya mwisho, kubwa kuliko zote: mchezaji akipiga mtupo huru, mpira ndiyo kwanza unaachana na vidole.

"Huyu hafungi," sauti ilisema chini yangu.

Nikashuka. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nasema huyu hafungi. Tazama gumba la mkono wa kushoto."

Nilitazama, nisione kitu. Akaegemeza ufagio ukutani, akainua mikono mitupu juu ya paji la uso wake. Mkono wa kulia ndio unaorusha, akanieleza. Wa kushoto kazi yake kuusindikiza mpira kwa ubavuni tu, na mpira ukiondoka wenyewe unabaki pale pale, kiganja wazi. Wa mchezaji wangu ulikuwa umeingia nyuma ya mpira, gumba limekaza. "Gumba likisukuma, mpira unazunguka kwenda pembeni. Utagonga pete utoke." Alirudia mwendo ule mara tatu, kiwiko chini ya mpira, kifundo cha mkono kikilala mwishoni. Alikuwa amecheza miaka mingi kabla magoti hayajamkatalia, na mabega yake yalikuwa hayajasahau chochote.

Nilijua papo hapo kosa lilikotoka. Kijana aliyenikalia nimchore alisimama chumbani kwangu ameinua mpira muda mrefu, na mkono ulipochoka aliuegemezea ule mwingine. Nikachora uchovu wake nikidhani ni mtupo. Uchungu ulikuwa kwamba vipimo nilivihangaikia: pete mita 3.05 kutoka sakafuni, ubao mita 1.80 kwa 1.05, mstari wa mtupo huru mita 4.60 kutoka usawa wa ubao. Vyote vilikuwa sawa. Mwili ndio uliokuwa wa uongo.

Wachoraji wa zamani nao walipotea njia hiyo. Farasi wa mbio walichorwa wakielea, miguu ya mbele imenyooshwa mbele na ya nyuma imenyooshwa nyuma, mpaka picha za kamera alizopiga mpigapicha Eadweard Muybridge mwaka 1878 zikaonyesha kwamba kwato zote nne huachana na ardhi wakati miguu imekunjwa chini ya tumbo. Lakini usiku ule aliyenijia akilini zaidi ni Ernie Barnes, mchoraji wa Marekani aliyecheza futiboli ya Kimarekani ya kulipwa kabla ya kuishi kwa brashi. Akiwa mwanafunzi, mwalimu wake Ed Wilson alimwambia azingatie namna mwili wake unavyojisikia uwanjani. Ndiyo maana watu wake wamerefuka na kupinda kupita maumbile, na bado unawaamini. Mimi sikuwahi kucheza. Nilikuwa nimewatazama wachezaji kwa macho tu.

Nilimwomba mzee asimame tena mbele ya picha. Safari hii sikumwambia atulie. Nilimwomba arushe, na arushe tena, nami nikawa nanasa mkono ule kwa penseli kwenye karatasi, mistari ya haraka isiyo na uzuri wowote. Kisha nikapanda ngazi na rangi za mafuta. Bahati yangu picha ilikuwa haijapakwa vanishi. Rangi ya mafuta huisubiri hiyo kwa miezi. Niliukwangua mkono wa kushoto wote, nikaujenga upya ubavuni mwa mpira, vidole vimefunguka, gumba limelegea halina kazi. Mzee alishika taa mpaka nilipomaliza.

Ila rangi ya mafuta haikauki usiku mmoja. Inavuta hewa taratibu, siku hadi siku. Milango ilipofunguliwa kesho yake jioni mkono ulikuwa mbichi kabisa, na watu wakaanza kumiminika, mabega kwa mabega, watoto wakikimbia na mikono mbele. Sikuwa na kamba ya kuwazuia. Nikasimama mbele ya picha, mgongo kwenye turubai, mikono nimeitanua.

Katika maonyesho yote niliyowahi kufanya nilizoea kusimama nyuma ya watazamaji, nikisoma visogo vyao. Jioni ile niliziona nyuso. Wengi walipita wakiongea, jicho likigusa picha na kuendelea. Ujia wa uwanjani ndivyo ulivyo, hakuna aliyekuja kwa ajili yangu. Lakini mchezaji mmoja wa timu mwenyeji, ameshavaa jezi, alisimama. Aliangalia juu, kupitia begani kwangu, na mkono wake wa kushoto ukainuka kidogo kutoka pajani, vidole vikafunguka, ukashuka. Sidhani alijua kwamba ameufanya.

Filimbi ilipolia ndani, mzee alikuja bila ufagio. Akasimama upande wangu wa pili, akatanua mikono kama mtu anayelinda goli lake, tukabaki hivyo mpaka ujia ukawa mtupu.