Mizani Haitofautishi Misuli na Mafuta

Katika ukumbi wa mazoezi ninakokwenda hapa Kisumu, mizani imewekwa karibu na mlango, na wengi huipanda kabla hata ya kubadilisha viatu. Nambari ikishuka, mtu hutabasamu. Ikipanda, hununa na kuapa kwamba jioni hatagusa chakula. Kwa maoni yangu furaha hiyo na huzuni hiyo zote mbili ni za haraka mno, kwa kuwa mizani hujumlisha mafuta, misuli, maji na mifupa bila kutueleza kipi kimeongezeka.

Ushahidi ninaoupenda zaidi ni utafiti wa George Bray na wenzake katika kituo cha utafiti cha Pennington, jimbo la Louisiana nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 2012. Watu 25 walikubali kukaa kituoni na kulishwa kupita mahitaji yao kwa majuma manane, takriban kalori 950 za ziada kila siku. Waligawanywa katika makundi matatu: la kwanza lilipata asilimia 5 ya kalori zake kutokana na protini, la pili asilimia 15, la tatu asilimia 25. Kundi la kwanza liliongezeka uzito kwa wastani wa kilo 3.2 hivi, ilhali mengine mawili yaliongezeka kilo 6 na kilo 6.5.

Anayeishia hapo atadhani kwamba kujinyima protini ni dawa ya unene. Lakini washiriki walipopimwa kwa undani, mafuta yaliyoongezeka yalikuwa karibu sawa katika makundi yote, kiasi cha kilo tatu na nusu. Waliokula protini kidogo walionekana wepesi kwa sababu walikuwa wamepoteza takriban kilo 0.7 za mwili usio mafuta, huku wenzao wakiongeza karibu kilo 3 za mwili huo. Kalori zilizozidi ndizo zilizoleta mafuta. Protini iliamua ni nini kingine kingejengwa au kubomolewa. (Mwili usio mafuta hujumuisha pia maji na viungo vya ndani, kwa hiyo asidhani mtu kwamba walitoka na vifua vya wanamieleka.)

Anayetaka misuli hana budi kunyanyua vyuma, au kubeba kitu kizito kwa utaratibu, kwani protini bila kazi haiendi mbali. Mtu mzima wa kawaida hushauriwa kula angalau gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku; kwa anayefanya mazoezi ya nguvu, faida huendelea kuonekana hadi karibu gramu 1.6, kisha hufifia. Mwenye kilo 70 anayefanya mazoezi hayo, basi, hufikia kikomo hicho kwa kama gramu 112 kwa siku.

Kiasi hicho hakitishi mtu anayeishi kando ya ziwa. Omena (dagaa wadogo wa ziwani) waliokauka wana protini zaidi ya nusu ya uzito wao, na mama wa soko la Kibuye akishajaza kikombe huongeza konzi moja juu bila kuombwa. Ukiwaosha kwa maji moto, ukawakaanga mpaka wakauke, ndipo uongeze nyanya na kitunguu, umepata mboga inayoshibisha hata kwa ugali mdogo. Shibe hiyo ina sababu: protini hutuliza njaa kuliko wanga, na mwili hutumia asilimia 20 hadi 30 ya nishati ya protini yenyewe katika kuisaga na kuichakata. Yai lina gramu 6, kikombe cha maharagwe yaliyopikwa gramu 15 hivi. Tena maharagwe yana lisini, mojawapo ya vijenzi vya protini, ambayo mahindi yanayo kwa uchache, ndiyo maana githeri, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, ni mlo wa maana kuliko sifa inayopewa.

Kuhusu makopo ya poda yanayopangwa kwenye rafu za ukumbini, mengi ni protini ya maziwa iliyokaushwa. Anayependa urahisi wake aendelee kuinunua, mradi figo zake ni nzima; mwenye ugonjwa wa figo amwone daktari kabla ya kuongeza protini ya aina yoyote, hata ya omena.