Quadrajet ya mzee haiendi jalalani

Jirani yangu hapa Ohio, mzee aliyestaafu, ana Pontiac GTO ya 1969, injini ya inchi za ujazo 400, yaani lita 6.6. Tangu baridi iishe gari linamsumbua. Likilala siku chache, unapiga stata mpaka betri inachoka. Likishawaka, silensa (mwendo wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta) haitulii na nyuma linatoa moshi mweusi. Wenzake wamemwambia kabureta yake, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ni takataka. Ni Rochester Quadrajet. Aing'oe, afunge kabureta mpya ya Holley, inayopitisha hewa futi za ujazo 850 kwa dakika, mambo yaishe.

Moyoni mzee alitaka kingine kabisa: Tri-Power, zile kabureta tatu zilizopangwa mstari mmoja kwenye GTO za mwanzo. Zinapendeza, sibishi. Lakini General Motors ilipiga marufuku kabureta zaidi ya moja kuanzia modeli za 1967, ingawa iliiachia Corvette, kwa hiyo gari hili halikutoka nazo kiwandani. Na kuzifanya kabureta tatu zikubaliane ni kazi ya mtu asiye na kazi nyingine.

Hiyo ya 850 nayo niliikataa kwa hesabu. Unachukua ujazo wa injini kwa inchi, unazidisha kwa mizunguko ya juu kabisa utakayofika kwa dakika, unagawanya kwa 3,456. Kwa 400 na mizunguko 5,200 unapata kama futi 600. Injini ya barabarani haijazi silinda zake sawasawa, kwa hiyo ukikadiria asilimia 85 unabaki na 510 hivi. Sasa 850 ya nini? Tundu likizidi ukubwa hewa inapita taratibu, haivuti petroli vizuri, na gari linakohoa ukikanyaga. Tena matundu ya manifoldi hii, yaani bomba linalogawa hewa na petroli kwa silinda, yametengenezewa Quadrajet, ya mbele madogo na ya nyuma makubwa. Holley ya kawaida ingedai adapta.

Mzee akanibana: mbona Quadrajet yenyewe ni 750? Swali zuri, na jibu lake ndilo linalonifanya niipende. Matundu mawili ya mbele yana milimita 35 tu, na ukiendesha kistaarabu ndiyo peke yake yanayofanya kazi. Ya nyuma yana 57. Ukikanyaga mpaka chini vipepeo vya nyuma, vile vibati vinavyoziba matundu, vinafunguka, lakini juu yake kuna kifuniko kinachoshikiliwa na springi, nacho hakifunguki kwa mguu wako. Injini ndiyo inayokivuta, kadiri inavyohitaji hewa. Kikiinuka kinanyanyua sindano mbili zilizochongwa, zilizokaa ndani ya jeti, vitundu vinavyopima petroli, na petroli inaongezeka sambamba na hewa. Mwaka 1965, bila kompyuta!

Namba iliyogongwa ubavuni ilimaliza ubishi: inaanza na 7029, na hiyo 9 ndiyo mwaka wa 1969. Kabureta ya mwaka wa gari lenyewe unaitupaje?

Kuifungua kunataka subira. Skrubu mbili za kifuniko cha juu zimezama ndani, karibu na kipepeo cha choki, kile kinachobana hewa injini ikiwa baridi, na mtu asiyezijua huchukua bisibisi akapasua kifuniko bure. Nilimtumia mdogo wangu wa Morogoro picha ya vipande vyote juu ya meza. Yeye ni fundi wa pikipiki. Akajibu, "Kaka, hiyo kabureta au redio?"

Moshi mweusi ulitokana na floti, boya linaloelea kwenye bakuli la petroli ndani ya kabureta. Si ya shaba, ni ya povu gumu, na povu likizeeka hunywa petroli. Niliiweka kwenye mizani ya jikoni, kisha nikaweka mpya: ya zamani ilikuwa nzito waziwazi. Floti nzito haipandi inavyopaswa, vali ya sindano inachelewa kufunga, petroli inafurika. Asubuhi za kuhangaika na stata zilitoka chini kabisa ya kabureta, kwenye vizibo vya vishimo vinavyohifadhi petroli. Vimepigwa kwa nguvu tu kiwandani, vikilegea mafuta yanavujia ndani ya manifoldi gari likiwa limelala. Nilivikwangua, nikavipaka epoksi isiyoyeyushwa na petroli, nikajaza bakuli na kuliacha juu ya gazeti usiku kucha. Gazeti liliamka kavu.

Shafti ya vipepeo vya mbele ilikuwa inacheza, na hapo ndipo hewa ya wizi ilipoingia na kuvuruga silensa. Hiyo ilidai kutoboa na kuingiza bushi za shaba nyeusi, kazi ya taratibu kuliko zote. Gaskiti na pampu ya akseleta nilichagua za kuhimili ethanoli, maana petroli ya huku kwa kawaida huchanganywa nayo mpaka asilimia 10.

Leo kabureta imerudi kwenye injini. Gari liliwaka bila kubembelezwa, sindano ya geji ya vakyumu ikatulia. Lilisita kidogo nilipokanyaga ghafla. Nikakaza springi ya kile kifuniko cha nyuma, kusita kukaisha. Choki bado sijaigusa, inasubiri asubuhi ya baridi ili irekebishwe injini ikiwa imepoa kweli.

Ubishi uliobaki ni wa rangi ya kabureta. Mzee anataka tuipulizie rangi ya dhahabu ing'ae. Nimemwambia kiwanda kiliitoa na utando wa kemikali wa manjano, si rangi ya kopo, na akitaka tutaipeleka kwa watu wanaourudisha. Amesema ataulizia bei kwanza.