Zamu ya kuchungulia mkeka

Tangazo la Sekretarieti ya Ajira la kuitwa kwenye usaili wa kazi za serikali halibakizi kitu. Litakupa tarehe, saa na ukumbi. Litakutaka uje na vyeti halisi kuanzia cha kidato cha nne, cheti cha kuzaliwa na kitambulisho. Litakuonya kwamba hati za matokeo za muda hazipokelewi, na kwamba nauli, chakula na malazi ni juu yako mwenyewe. Hata namba ya mtihani utaambiwa uinakili mapema kwenye akaunti yako, maana siku ya usaili hazigawiwi. Usichokikuta humo ni lini utajua umepata au umekosa.

Niliomba Afisa Maendeleo ya Jamii Daraja la II, kada ambayo kila aliyesoma sosholojia au maendeleo ya jamii anaikimbilia. Mchujo wa kuandika nilifanyia Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, mahojiano nayo hapa hapa Dodoma. Wenzangu walitoka Kagera, wengine Mtwara, wakashuka stendi ya Nanenane usiku na bahasha ya vyeti kifuani. Mimi nilitoka kwa shangazi Makulu nikapanda daladala. Kwa hiyo usaili wenyewe sitausimulia. Ninachotaka kusimulia ni kilichofuata, ambacho hakuna aliyenifundisha.

Baada ya mchujo ngoja yake ina afadhali. Majibu yanatoka na namba yako ya mtihani, alama zako, na pembeni kama umechaguliwa kuendelea au la. Unalia au unashangilia, maisha yanasonga. Baada ya mahojiano ni habari nyingine. Pale unasubiri tangazo la kuitwa kazini, lile tunaloliita mkeka, jedwali la safu chache: namba, mamlaka ya ajira, kada, majina. Jina lipo au halipo.

Na kuna sentensi kwenye tangazo hilo ambayo watu wengi wanairuka wakikimbilia majina. Inasema orodha inajumuisha pia baadhi ya waliokuwa kwenye kanzidata, yaani watu waliofaulu usaili wa nyuma lakini nafasi zikawa hazitoshi, na sasa kuna mwajiri mwingine anahitaji kada yao. Chini kidogo tangazo linasema ambaye hakuona jina lake ajue hakupata nafasi, asisite kuomba tena. Zisome hizo mbili kwa pamoja halafu uniambie utalalaje. Ukikosa jina leo, hujui kama ulishindwa kule ndani au umepita na umekaa foleni. Mimi nadhani hapo ndipo watu wanapoumia kuliko hata kwenye kukosa kwenyewe. Aliyefeli anajua aanzie wapi. Wa kanzidata hajui hata kama ni wa kanzidata.

Mwanzoni niliishi kama tulivyoishi wote. Naamka, kabla ya kunawa uso naingia kwenye tovuti ya Sekretarieti ya Ajira. Bando linaisha kwa kufungua PDF za kada zisizonihusu. Makundi ya WhatsApp nayo yanawaka: mmoja ameambiwa na binamu yake mkeka unatoka Ijumaa, mwingine ana sauti ya mtu asiyejulikana akisema vibali vimeshasainiwa. Ijumaa inafika, inapita, na yule wa binamu anakuja na Ijumaa nyingine.

Kilichoniokoa kilianza kama utani. Siku ya mahojiano tulikaa benchi moja watu wanne: mimi, dada mmoja wa Kahama, kaka wa Kondoa, na binti wa Iringa aliyekuwa anatetemeka hadi tukamnunulia soda. Tukapeana namba. Siku moja kaka wa Kondoa akaandika, "Jamani, kwa nini tunachungulia wote wanne kila siku wakati tovuti ni moja? Tuwekeane zamu." Tukacheka. Halafu tukaona ana hoja.

Tukagawana siku za wiki. Jumatano ikawa yangu. Mwenye zamu anaingia kwenye tovuti mara moja, baada ya saa za kazi. Wengine hawafungui kabisa, na makundi makubwa tukajitoa. Kukiwa kimya, hasemi chochote. Ukitoka mkeka wa kada yetu, anapiga simu na kusema neno moja tu: "Imetoka." Haruhusiwi kusema nani yumo. Kila mtu ajitafutie jina lake mwenyewe, kwa muda wake, akiwa mahali anapotaka kuwa. Sharti hilo alilitia binti wa Iringa, akasema hataki kusikia habari ya maisha yake kwenye spika ya simu ya mtu mwingine. Ni binti mdogo kuliko wote, lakini lile ndilo lililofanya mpango mzima uwezekane.

Nisidanganye kwamba kiu iliisha. Vidole vilikuwa vinawasha. Lakini ukijua leo ni zamu ya dada wa Kahama, na dada wa Kahama si mtu wa kusahau, unajikuta umemaliza kutwa bila kugusa.

Hiyo nafasi kichwani nikaijaza na kazi. Kuna mama ana fremu ya steshenari Ng'ong'ona, karibu na chuo, akanichukua niwe natoa kopi, naskani na kuwasaidia watu kuomba ajira mtandaoni. Ndipo nilipoona wangapi wanaangukia mlangoni kabisa. Barua ya maombi haina saini. Jina la kitambulisho cha taifa, cha NIDA, lina herufi ambayo cheti cha kidato cha nne hakina. Mtu anapandisha hati ya matokeo badala ya cheti, halafu anasubiri kuitwa. Nakala haijapita kwa wakili. Wengine wanaleta vyeti walivyovipiga picha na simu juu ya kitanda, ua la shuka linaonekana pembeni. Namwambia, "Kaka, kalete chenyewe tukiskani vizuri." Anarudi amenuna, lakini analeta. Ukilipunguza faili ili liingie, usilipunguze mpaka muhuri wa wakili ukawa hausomeki. Hayo nilikuwa nayasema kutwa nzima.

Nami nikawa naomba nafasi nyingine kila zinapotangazwa, maana kuwa kwenye kanzidata, kama uko huko, hakukufungii mlango. Tangazo lolote la kada yangu lilipita mkononi kwangu kabla ya wateja. Hiyo ndiyo faida ya kukaa nyuma ya kompyuta ya mtu.

Nyumbani ilikuwa ngumu zaidi. Wazazi wako Kibaigwa, baba analima mahindi na alizeti. Kila simu ilianza na shikamoo na kuishia pale pale: "Mwanangu, hao wakubwa wamesemaje?" Mama haulizi, ila kimya chake nakisikia. Baba hakuelewa inakuwaje mtu mwenye digrii akae miezi anasubiri jibu la ndiyo au hapana. Siku moja nikamtajia habari ya Mamlaka ya Mapato, TRA. Mwaka 2025 walitangaza nafasi 1,596, wakaomba watu 135,027.

"Piga hesabu, baba. Kiti kimoja, watu kama themanini na watano."

Akanyamaza, nikasikia anamrudia mama zile namba. Kisha akasema, "Basi mwanangu. Hata mvua hatuiamrishi, na bado tunalima."

Tukakubaliana: nikipata nitapiga mimi, asipoona simu ajue bado. Hakuuliza tena. Majirani ndio walioendelea kuuliza, lakini majirani unawaambia "Mungu ni mwema" na unapita.

Kuna simu nyingine lazima niiseme, kwa sababu najua wanaosubiri sasa hivi watapigiwa. Mwanaume, sauti ya upole, anajua majina yangu matatu na kada niliyoomba. "Dada, jina lako lipo, ila limekaa chini. Ukituma laki na nusu ya faili, leo leo nalipandisha."

Nisiseme sikushtuka. Mapigo yalienda mbio, na kwa dakika nzima nilikuwa nahesabu nani ataniazima laki na nusu. Halafu nikajiuliza, huyu kajuaje? Majina yote matatu na kada viko kwenye PDF ya walioitwa kwenye usaili, iko wazi kwa dunia nzima. Namba ya simu ilikuwa imezagaa kwenye yale makundi. Kisichokuwa hadharani pamoja na jina langu ni namba ya mtihani, ambayo nilinakili mwenyewe kwenye akaunti. Nikamwambia, "Sawa kaka, nitumie kwanza namba yangu ya mtihani ili nijue tunaongelea faili moja." Akasema mtandao unasumbua. Hakupiga tena. Sekretarieti ya Ajira haina mtu wa kupandisha majina kwa laki na nusu, na anayekwambia anaye mtu huko ndani mwombe hiyo namba.

Kipimo kikubwa kilikuja mwalimu mmoja alipotafuta wasaidizi wa utafiti wa kuzunguka na dodoso vijiji vya Bahi. Fedha si mbaya, ila baadhi ya vijiji mtandao ni wa kuupandia kichuguu. Nilisita. Je, mkeka ukitoka nikiwa huko? Kaka wa Kondoa akanijibu kwa hasira kidogo, "Ukitoka utakuwa umetoka. Utaripoti kwa siku moja? Nenda kafanye kazi."

Nikaenda. Tulikuwa tunaingia kaya moja baada ya nyingine kando ya majaruba ya mpunga, tunauliza watu wanakula mara ngapi kwa siku na maji wanachota wapi. Bibi mmoja alinipokea kwa "mbukwenyi", salamu ya Kigogo, akanikalisha kwenye kigoda, akajibu maswali yote hadi la mwisho. Kisha akaniuliza yeye, "Na wewe mwanangu, kazi yako ni hii?" Nikamwambia ndiyo. Nilikuwa sijawahi kumjibu mtu hivyo tangu nimalize chuo.

Na mkeka ulitoka nikiwa huko huko. Nilipofika mahali penye mtandao, simu ikaanza kupokea: simu zilizonikosa, na ujumbe wa neno moja. Nikafungua usiku nyumba ya wageni. Jina langu halikuwemo. La kaka wa Kondoa lilikuwemo.

Sitasema nilifurahi kwa ajili yake usiku ule. Nilifurahi kesho yake. Tatizo la kuwa kundi la wasubiri ni hilo: siku mmoja akiitwa, mnakuwa watu wa aina mbili. Yeye naye aliona aibu, akataka kujitoa kimyakimya. Dada wa Kahama akampigia akamwambia zamu yake ya Jumatatu ipo pale pale, kuajiriwa si likizo.

Tukaendelea. Miezi ikapita, mvua zikaja, Ng'ong'ona ikawa matope. Nilishazoea kiasi kwamba baadhi ya Jumatano nilikumbuka zamu yangu usiku nikiwa nimeshalala, nikaangalia nikalala tena.

Mara ya pili simu ilitoka kwa dada wa Kahama. "Imetoka." Nikaifungua kwenye simu, nikaandika majina yangu matatu kwenye kitafutio. Hakuna. Nikakaa dakika chache, halafu nikakumbuka kitu nilichokuwa nawaambia wateja: kwenye jedwali, jina refu linakatika mistari miwili, ukitafuta yote matatu simu haikuletei. Tafuta moja tu, tena lile lisilo la kawaida. Nikaandika jina la babu peke yake. Likaja, katikati ya orodha ya waliokwenda Halmashauri ya Wilaya ya Itigi.

Nilimpigia baba kabla ya mtu yeyote, kama tulivyokubaliana. Akasikiliza, akauliza Itigi ni upande gani. Nikamwambia unapita Manyoni. Akasema, "Huko kuna asali nzuri." Kisha simu akampa mama, na mama akashindwa kuongea.

Yaliyofuata ni makaratasi, hayana hadithi. Barua ya kupangiwa kituo, vyeti halisi vihakikiwe, kuripoti ndani ya muda ulioandikwa kwenye barua, ukipita umepitwa. Jiandae pia kwa mshahara wa kwanza: kama ulisomeshwa na Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara inakatwa, na shangazi uliyekaa kwake bure ana lake moyoni ingawa hasemi.

Dada wa Kahama alipata baada yangu, si serikalini, bali kwenye shirika moja huko kwao. Binti wa Iringa bado. Ana digrii nzuri kuliko zetu sote, na sina maelezo ya hilo. Zamu zinaendelea kwa ajili yake, sasa tukichungulia kwa niaba ya mtu mmoja. Yeye mwenyewe hafungui tovuti kabisa, ameanza kuuza vitenge na anasema hana muda. Jumatano iliyopita nilipotoka ofisini niliingia. Kulikuwa na tangazo moja tu jipya, la kuitwa kwenye usaili wa madereva.