Tulivyoacha kulala kama wali uliopaliwa

Kama umewahi kupalia wali, unaijua kazi ya makaa ya juu ya mfuniko. Moto wa chini umeshakufa, wa juu unaendelea kupika. Nyumba yetu ya Nzuguni, hapa Dodoma, ndivyo ilivyokuwa. Jua limezama, nje kuna upepo wa kujitanda khanga, na sisi ndani bado tunaiva kutoka juu.

Tulihamia na akili za Dar: funga madirisha, washa kiyoyozi. Tulikuwa navyo viwili. Kila ikifika Oktoba na Novemba, LUKU ilikula kama 95,000 kwa mwezi. Kwa shilingi 356 na ushee kwa uniti, hizo ni uniti 265 hivi, tena kwa watu ambao mchana wengi wao hawashindi nyumbani.

Siku moja nikanunua kipimajoto, nikamwomba fundi aliyekuja kurekebisha waya apande nacho darini. Ilikuwa saa tisa alasiri. Nje nyuzi 32, darini 54. Alishuka shati limemganda mgongoni. "Mama, huko juu ni tanuri. Hakuna hata tundu." Alisema kweli. Paa letu ni mgongo wa tembo, bati la kahawia, na aliyelijenga alipenda usafi kupita kiasi: zile pembetatu mbili za ubavuni amezipandisha tofali mpaka kwenye bati, na nyuma ya fisha bodi, ule ubao wa ukingo wa paa, amepiga mbao kuzunguka nyumba nzima. Kunapendeza kwelikweli. Ila hewa ya darini haina pa kwenda, basi joto la bati linashukia jipsamu ya dari, na jipsamu inatushushia sisi usiku kucha.

Habari za feni ya nyumba nzima nilizipata kwa mdogo wa baba watoto, anayeishi Sacramento, California. Kule kiangazi mchana hupita nyuzi 30 kwa urahisi, lakini usiku upepo wa kutoka upande wa bahari hushusha mpaka kama 16. Kwa hiyo watu hufunga feni kubwa kwenye dari ya korido. Nje kukishapoa unafungua madirisha na kuiwasha. Inavuta hewa ya vyumbani, inaisukuma darini, nayo inatoka nje na joto la paa. "Shemeji, usiku wa huku mbona ni wa Dodoma kabisa," aliniambia.

Nikaingia kwa pupa. Nilinunua feni ya kutoa hewa ya inchi 20, zile za karakana. Kibandiko kinasema mita za ujazo 5,000 kwa saa, wati 250. Nyumba yetu ni mita za mraba 90 hivi, kwa hiyo kwa hesabu za kwenye karatasi hewa yote ingebadilika ndani ya dakika tatu. Fundi akakata jipsamu koridoni, akaifunga kwenye kenchi, tukawasha. Mngurumo kama mashine ya kusaga. Halafu vumbi la miaka minne likaanza kutushukia kupitia matundu ya taa, na mapazia hata hayakutikisika. Tulikuwa tunapuliza ndani ya chupa iliyozibwa: hewa ilipokosa njia ya kutokea juu, ilirudi chumbani.

Nilipompigia shemeji alicheka kwanza, kisha akanipa hesabu ambayo nilipaswa kuanza nayo. Kwa kila mita za ujazo 1,270 ambazo feni inasukuma kwa saa, paa liwe na uwazi wa kama sentimita za mraba 930. Kwa feni yangu ni kama 3,700, na wavu unaweza kula karibu nusu, kwa hiyo zidisha mara mbili. Tukabomoa tofali kwenye pembetatu zote mbili, kila upande tukaweka dirisha la sentimita 60 kwa 50 lenye mbao zilizolazwa mvua isiingie. Nyuma ya fisha bodi tukatoboa matundu manane ya 30 kwa 15. Mimi nilitaka wavu wa mbu, fundi akakataa: "Huo utaziba na vumbi hili la Dodoma. Tuweke wa chuma, popo tu asipite." Kabla hata ya kuwasha feni nilipima tena, saa ileile, nje joto lilelile: darini 43. Nyuzi 11 bila kutumia umeme hata senti.

Sasa utaratibu wetu ni huu. Saa mbili usiku nje kukishakuwa na ubaridi kuliko ndani, tunafungua madirisha ya vyumba na kuwasha. Hewa inapoa haraka, lakini tofali za saruji zimekunywa jua siku nzima, zinataka saa nyingi, hivyo tunaiacha mpaka alfajiri. Hizo ni kama uniti mbili kwa usiku. Kukipambazuka tunafunga madirisha na mapazia, na tundu la feni tunalifunika kwa plaiwudi iliyobandikwa kipande cha godoro, la sivyo joto la darini linarudi. Novemba iliyopita tulitumia uniti 150 tu mwezi mzima.

Kosa moja bado linanitetemesha. Jioni moja maharage yalikuwa jikoni kwenye mkaa, madirisha yote yamefungwa isipokuwa lile la jikoni, mtoto akawasha feni. Hewa yote ya jiko ikavutwa koridoni kuelekea vyumba vya kulala. Hewa ya mkaa haina harufu ya kukuamsha, inaua mtu usingizini. Tangu siku hiyo jiko la mkaa linakaa uani, na swichi ya feni niliihamishia juu watoto wasipoifikia.

Dada yangu wa Tabata alipoona tokeni zangu alitaka feni kesho yake. Nikamkatalia. Usiku wa Februari Dar mara nyingi haushuki chini ya nyuzi 25, na hewa yenyewe imelowa. Angevuta jasho la mtaa mzima kuliingiza chumbani. Alitoboa matundu ya paa tu, na hela ya feni akapaka bati rangi nyeupe.