Nimerudi Unguja, nimemkuta mpwa wangu anasimama kwa kichwa

Jamani nimerudi. Walioniuliza kama nimekuja likizo, hapana, nimerudi jumla. Mabegi yako kwa dada yangu Michenzani na mengine yamo ndani ya kontena baharini. Uwanja wa ndege umebadilika, Michenzani pana jengo la maduka ambalo sikuliacha, urojo bado ni urojo. Hayo wameshayaandika wengine kabla yangu. Mimi nataka kuandika habari za mtoto wa dada yangu.

Nilipoondoka alikuwa bado anabebwa. Sasa ana miaka 17, yuko skuli, na jioni baada ya alasiri anashuka ngazi na boksi la friji kwapani. Chini ya majumba, upande wenye kivuli, wenzake wanamngoja na spika ndogo ya kuchaji. Boksi linatandazwa juu ya saruji, watu wanafanya duara, na breki dansi inachezwa mpaka karibu na Magharibi.

Niseme kwanza nilichokuwa nikikifanya London, maana wengi mnadhani nilikuwa ofisini. Nilikuwa mtunza ukumbi. Ukumbi wa mtaa, mali ya halmashauri: kufungua milango, kupanga viti, kupiga deki. Jioni nyingine wanakuja vijana wa hip hop, wanatandika lino lao, lile tandiko gumu linaloteleza, juu ya mbao na kufanya mazoezi mpaka nizime taa. Utamaduni huu nimeufahamu ufagio uko mkononi. Nilifika mahali nikitazama michirizi myeusi ya raba sakafuni najua nani alikuja na alifanya nini.

Kwa hiyo nilipomtazama mpwa wangu, kabla ya kichwa chini miguu juu, nilimtazama viwiko. Kidonda juu ya kovu. Saruji haitelezi. Ukizunguka kwa mgongo inakuchuna, ukitua kwa goti inakukumbusha usiku kucha. Boksi linasaidia kidogo, halafu linapasuka.

Nikamuuliza kwa nini boksi. Akaniambia, "Mjomba, hata Bronx walichezea maboksi." Na hapo akanisomesha. Kwamba tarehe 11 Agosti 1973, kwenye jengo namba 1520 Sedgwick Avenue, huko huko Bronx, New York, msichana anayeitwa Cindy Campbell aliandaa sherehe apate pesa ya nguo za skuli. Kaka yake Clive, mzaliwa wa Jamaika, wanayemwita Kool Herc, ndiye aliyepiga muziki. Huyu Herc alikuwa amegundua kitu: wachezaji wanangojea pale mwimbaji anaponyamaza ngoma zikabaki peke yake. Akachukua santuri mbili zilizo sawa, hii ikimaliza kile kipande anaanza kile kile kwenye ile nyingine, kipande cha nukta chache kikawa kirefu. Wale waliokuwa wakikingojea ndio mabiboi na mabigeli wa mwanzo, yaani wachezaji wa breki, wanaume na wanawake.

Nilikaa kimya kama sijapata kuyasikia. Mtoto hajawahi kuvuka zaidi ya Dar es Salaam, yote ameyapata kwa simu na bando la kuungaunga, na ameyapata sawasawa. Si kucheza tu. Ana daftari zima la herufi za grafiti, ile michoro ya ukutani ya hip hop, jina lake moja kaliandika kwa namna nyingi, zilizonenepa, zilizolala, zenye mishale. Na adabu ya duara anaijua. Mmoja wao aliingia akaigiza mtindo wa mwenzake vile vile ulivyo, mpwa wangu akamtoa kwa mkono: "Hiyo ya mwenzio. Lete yako." Kule ukumbini kwetu ugomvi mkubwa niliopata kuushuhudia ulikuwa wa jambo hilo hilo.

Kuna kitu nimekiona kwao ambacho sikukiona London. Wanaruka ajabu. Pindu la mbele, la nyuma, la ubavu, bila woga. Sikuelewa mpaka nilipopita Forodhani saa za jioni, nikawakuta hao hao wanapiga makachu, wanakimbia wanajirusha kutoka ukutani kwenda baharini huku wageni wanapiga picha. Ndiko walikosomea. Ukikosea hewani, maji yanakupokea. Lakini ile miguu ya chini, unapoweka mikono sakafuni na kuizungusha miguu kwa haraka, ambayo kwangu mimi ndiyo breki dansi yenyewe, hapo bado wachanga. Si uvivu. Nani atakaa saa nzima kwa magoti juu ya saruji? Mtu anacheza kama sakafu inavyomruhusu.

Wapo wanaosema uhuni. Hilo sina muda nalo, kila kizazi kimeitwa wahuni kwa ngoma yake. Mzee mmoja wa barazani ametoa sharti moja tu, muziki uzimwe kabla ya adhana, na unazimwa. Mwaka 2024 mchezo huu ulipoingizwa kwenye Olimpiki ya Paris, barazani walicheka wiki nzima kwa ajili ya Raygun, yule mwanamke wa Australia aliyetoka bila pointi hata moja, na hakuna aliyekumbuka kwamba Ami wa Japani na Phil Wizard wa Kanada ndio waliochukua dhahabu. Mpwa wangu anawakumbuka. Anajua pia kuwa Los Angeles 2028 haumo, na ukimtajia hilo ananuna.

Niliyemwogopa ni mama yangu, bibi yake. Ujanani hakukosa harusi ya Ng'ambo yenye kidumbak, ile ngoma inayounga wimbo kwa wimbo bila kusimama, mwendo unapanda mpaka watu watoke jasho. Jumapili akashuka na kiti chake cha plastiki. Nikajua leo pana maneno. Akatazama, vidole vinagonga mkono wa kiti. Kijana akazunguka, akaganda kwa mkono mmoja, wenzake wakashangilia.

"Mbona anachelewa?" mama akauliza. "Ngoma imeshapiga, yeye ndiyo kwanza anatua."

Kimya. Kijana akaomba muziki urudishwe nyuma. Akaingia tena, bibi anagonga, na safari hii mkono na kishindo vikafika pamoja.

"Hapo sawa," akasema. "Sasa kavae fulana nzima, mbavu zote nje."

Kumbi tunazo, msidhani hatuna. Lakini zinafunguliwa kwa harusi, semina na mikutano, na funguo anazo mtu ambaye lazima umjue. Mtoto wa miaka 17 atamjulia wapi? Mimi nimezishika funguo za ukumbi miaka mingi, najua kuufungua jioni kwa watoto hakugharimu zaidi ya umeme na mtu wa kupiga deki. Huyo wa kupiga deki mkimhitaji, yuko Michenzani, hana kazi.

Kabla wakati huo haujafika, tumekwenda Darajani kununua zulia la plastiki, lile linalokatwa kwa mita. Lenye sponji chini alilikataa, anasema mkono unazama. Likafunguliwa jengine, gumu, akavua viatu, akalala chali akajizungusha katikati ya duka.

"Mnanunua au mnacheza?" mwenye duka akauliza.

Nikamwambia vyote viwili, atukatie mita tatu na atupunguzie. Akapunguza kidogo, kwa sharti kijana arudie ile ya mwisho, kuna mwanawe anataka kurikodi.